Historia, Fasihi, Isimu au Falsafa: Ulinganisho wa Yanayosomwa Katika Uzamili wa Sanaa na Insia

Anayetafuta nafasi ya uzamili katika sanaa na insia, yaani taaluma za lugha, historia, fikra na utamaduni, kwa kawaida huanzia kwenye jina la shahada, na jina hilo huficha mengi. Programu mbili zinazoitwa Uzamili katika Historia zinaweza kuwa mbalimbali kabisa: moja humpeleka mwanafunzi kwenye hifadhi ya nyaraka kabla muhula wa kwanza haujaisha, nyingine humweka kwenye semina za nadharia mpaka siku ya kuandika pendekezo la utafiti. Kwa hiyo ulinganisho huu haupangi fani kwa hadhi wala kwa soko la ajira. Unazitazama kwa vigezo viwili, yaani muundo wa shahada yenyewe na aina ya ushahidi ambao mwanafunzi atashinda nao. Kwa maoni yangu kigezo cha pili kina uzito zaidi, kwa sababu wapo wanaopenda mada za fani fulani huku wakichoshwa na ushahidi wake, na hao ndio wanaokwama wakati wa tasnifu.

Masomo na tasnifu, au tasnifu peke yake

Njia iliyozoeleka zaidi ni uzamili wa masomo na tasnifu. Mwanafunzi huhudhuria semina, huandika makala ndefu kwa kila kozi, kisha humalizia kwa tasnifu. Nchini Uingereza shahada ya aina hii huwa na krediti 180, na kila krediti huhesabiwa kuwa saa 10 za kazi, hivyo jumla ni saa 1,800 ambazo mwanafunzi wa muda wote huzimaliza kwa takriban mwaka mmoja; mara nyingi tasnifu huchukua krediti 60, yaani theluthi ya shahada nzima. Katika nchi zinazofuata utaratibu wa Bologna, mpango wa Ulaya wa kuzilinganisha shahada uliotokana na azimio la mwaka 1999, uzamili huwa na krediti kati ya 60 na 120 za mfumo wa Ulaya, ambazo hazilingani na zile za Uingereza, kwa kuwa krediti moja ya Ulaya ni saa 25 hadi 30. Hesabu hizi si za kupuuzwa. Ukitoa saa za semina, ambazo katika fani hizi ni chache mno kwa wiki, unabaki na saa nyingi za kusoma na kuandika ukiwa peke yako. Aliyezoea ratiba iliyojaa mihadhara ataiona wiki yake kuwa tupu, ilhali ule utupu ndio kazi yenyewe.

Njia ya pili ni uzamili wa utafiti, ambamo kozi ni chache au hakuna kabisa. Mwanafunzi huingia akiwa na mada, hupangiwa msimamizi, na hupimwa kwa tasnifu inayoweza kuwa ndefu mara mbili au zaidi ya ile ya njia ya kwanza, ambayo mara nyingi huitetea mbele ya watahini. Njia hii inamfaa aliyekwisha kujua swali lake na mahali ushahidi wake ulipo. Haimfai anayebadili fani, kwa mfano aliyesoma sheria katika shahada ya kwanza na sasa anataka falsafa, kwa sababu hakuna atakayemfundisha misingi ambayo wenzake wameipata kwa miaka mitatu au minne. Waombaji wengi hujiona wako tayari kwa njia ya pili mapema kuliko inavyostahili. Swali la utafiti huonekana limeiva mpaka msimamizi aulize nyaraka zake ziko wapi na ni nani anayeruhusiwa kuzisoma.

Majina ya shahada nayo hupotosha. Katika vyuo vikuu vya kale vya Scotland, kama vile Edinburgh na St Andrews, shahada iitwayo MA (Master of Arts, jina ambalo kwingineko ni la uzamili) katika fani za sanaa ni shahada ya kwanza ya miaka minne. Oxford na Cambridge huwapa MA wahitimu wao wa shahada ya kwanza baada ya miaka kadhaa kupita, bila masomo ya ziada wala mtihani. MPhil (Master of Philosophy) nayo, ambayo katika vyuo vingi ni shahada ya utafiti mtupu, kwenye Oxford na Cambridge mara nyingi huwa na kozi na mitihani. Kwa hiyo kitabu cha mwongozo wa programu ndicho cha kusomwa, hasa ukurasa unaoonyesha mgawanyo wa krediti.

Iwe njia ya kwanza au ya pili, yapo mambo ambayo karibu kila mwanafunzi wa insia atayasoma: mbinu za utafiti, nadharia kuu za fani yake, mapitio ya maandishi yaliyotangulia, na maadili ya utafiti, hasa pale utafiti unapohusu watu walio hai. Kozi ya mbinu ndiyo inayolalamikiwa kuliko zote na ndiyo inayokumbukwa baadaye. Tofauti za kweli zinaanzia baada ya hapo.

Barua moja mbele ya fani nne

Tuchukue barua iliyoandikwa kwa mkono na mfanyabiashara wa karne ya 19, akimwahidi mshirika wake kwamba deni litalipwa shehena ikifika. Fani zote nne zinaweza kuisoma, lakini hazitafanya nayo kazi moja.

Mwanahistoria atauliza kwanza ni nani aliyeihifadhi na kwa nini hii imebaki wakati nyingine zimepotea. Ataitafuta barua ya majibu, ataitafuta daftari ya hesabu, atataka kujua kama mwandiko ni wa mfanyabiashara au wa karani wake, na hatathubutu kuandika kwamba deni lililipwa mpaka apate ushahidi mwingine usiotegemea barua hiyo. Mhakiki wa fasihi atabaki ndani ya maandishi: jinsi mwandishi anavyojijengea sura ya mtu mwaminifu, salamu alizozirefusha kabla ya kufika kwenye deni, mambo aliyoyanyamazia, na kanuni za uandishi wa barua alizozirithi. Mwanaisimu atafurahia makosa ya tahajia, kwa kuwa kosa la tahajia huonyesha jinsi neno lilivyotamkwa. Lakini barua moja haimtoshi, naye atataka mia kadhaa za aina hiyo ili aone lipi ni la mtu mmoja na lipi ni la jamii. Mwanafalsafa atachukua sentensi moja tu, ile ya ahadi, na kuiacha barua mezani. Atauliza ahadi humfunga mtu kwa msingi gani, na kama ahadi yenye sharti inaendelea kumfunga endapo shehena itazama baharini.

Msomaji anayetafuta fani ajiulize ni ipi kati ya kazi hizo nne ambayo angeifanya hata bila kusimamiwa. Jibu hilo linafaa kuliko orodha ya kozi.

Historia na fasihi

Fani hizi mbili hufanana kwa nje: zote huishia kwenye tasnifu ndefu ya maandishi yasiyo na majedwali mengi, na zote zinadai usomaji wa vitabu vizima kila wiki. Tofauti hujitokeza mwanafunzi anapoanza kutafuta cha kuandikia.

Uzamili wa historia umejengwa juu ya semina, desturi iliyopewa nguvu na mwanahistoria Leopold von Ranke mjini Berlin katika karne ya 19, ambapo wanafunzi walikusanyika kuchambua hati za asili pamoja na mwalimu wao. Desturi hiyo ingali hai. Mwanafunzi husoma historia ya uandishi wa historia, yaani jinsi maswali yenyewe yalivyobadilika: kutoka historia ya wafalme na mikataba, kwenda historia ya jamii, uchumi na fikra iliyosukumwa na jarida la Annales, ambalo Marc Bloch na Lucien Febvre walilianzisha nchini Ufaransa mwaka 1929, hadi mjadala kuhusu mapokeo simulizi, ambayo Jan Vansina aliyatetea mwaka 1961 kuwa ushahidi halali unaoweza kuhakikiwa kwa kanuni zake kama hati iliyoandikwa. Sambamba na hayo hujifunza ufundi: kusoma miandiko ya zamani, kutumia katalogi za hifadhi, kupima ukweli wa hati, na kusoma nyaraka za mtawala kwa nia ya kumsikia aliyetawaliwa.

Ugumu wa historia ni upatikanaji wa ushahidi. Nyaraka za serikali hufungwa kwa miaka mingi kabla ya kuruhusiwa kusomwa. Uingereza, kwa mfano, ilikuwa na kanuni ya miaka 30, nayo ilianza kuipunguza kuelekea 20 kuanzia mwaka 2013. Anayetaka kuandika kuhusu miaka ya karibuni atalazimika kutegemea magazeti na usaili. Nyaraka zinaweza pia kuwa katika nchi nyingine, katika lugha ambayo mwanafunzi haijui, au zikawa zimeliwa na mchwa. Mwanafunzi wa historia hujifunza kubadilisha swali lake kulingana na kilichopatikana, na asiyekubali jambo hilo huteseka.

Fasihi haina shida hiyo. Riwaya iko mkononi tangu siku ya kwanza, na hapo ndipo penye mtego, kwa sababu iko mkononi mwa kila mtu na wahakiki kadhaa wamekwisha kuiandikia. Mwanahistoria anaweza kuleta kitu kipya kwa kupata hati ambayo haijasomwa. Mwanafunzi wa fasihi huleta kitu kipya kwa kusoma vizuri zaidi kile ambacho wote wamesoma. Ndiyo maana programu nyingi za fasihi hutumia sehemu kubwa ya mwaka kwenye nadharia za uhakiki: umaumbo, umuundo, udenguzi, ufeministi, umaksi, nadharia za baada ya ukoloni, na katika miaka ya karibuni uhakiki wa ikolojia. Anayeomba fasihi kwa sababu anapenda riwaya ajue kwamba atasoma uhakiki mwingi kuliko riwaya. Wapo wanaokatishwa tamaa na ukweli huo, na siwalaumu.

Fani hii pia ina mjadala wa kudumu kuhusu ni maandishi gani yanayostahili kufundishwa. Mwaka 1968, katika chuo ambacho leo ni Chuo Kikuu cha Nairobi, Ngũgĩ wa Thiong'o, Taban lo Liyong na Henry Owuor-Anyumba walitoa hoja kwamba Idara ya Kiingereza ivunjwe na mahali pake iwekwe idara inayoiweka fasihi ya Afrika katikati, ikiwemo fasihi simulizi. Hoja ile iliathiri mitaala mbali na pale ilipotolewa, na mwombaji anaweza kuitumia kama kipimo: je, katika programu anayoitazama, fasihi simulizi ni kozi kamili, ni wiki moja ndani ya kozi nyingine, au haipo? Aulize vilevile kama programu inafundisha uhariri wa matini, yaani kulinganisha miswada kadhaa ya kazi moja ili kuamua lipi ni andiko la kutegemewa. Ni stadi inayochosha, haifundishwi kila mahali, na humpa mwanafunzi kitu ambacho wenzake hawana.

Isimu na falsafa

Wengi huingia isimu kwa sababu wanapenda lugha, wakitarajia mazungumzo marefu kuhusu maneno na maana. Wanakuta fani iliyo karibu na maabara kuliko nyingine zote za insia. Tasnifu ya isimu huwa fupi kuliko ya historia, ina mifano yenye namba, ina majedwali, na mara nyingi ina takwimu. Katika fonetiki mwanafunzi hurekodi sauti na kuzichambua kwa programu kama Praat, iliyotengenezwa na Paul Boersma na David Weenink wa Chuo Kikuu cha Amsterdam, akipima muda wa irabu kwa milisekunde. Katika sintaksia huunda sentensi, huwauliza wazawa wa lugha kama zinakubalika, kisha hutafuta kanuni inayoeleza kwa nini moja inakubalika na nyingine inakataliwa. Katika uwekaji wa kumbukumbu za lugha zinazokufa, hurekodi masimulizi na mazungumzo, huyanukuu kwa programu kama ELAN ya Taasisi ya Max Planck ya Nijmegen, na kuambatisha maelezo ya kisarufi mofimu kwa mofimu, yaani kwa kila kipande kidogo cha neno chenye maana. Saa moja ya sauti hula saa nyingi za unukuzi, jambo ambalo matangazo ya programu huwa hayalisemi.

Isimujamii, inayochunguza lugha na jamii, ndilo tawi linaloonyesha vizuri jinsi mwanaisimu anavyopata ushahidi. Mapema katika miaka ya 1960 mwanaisimu William Labov aliingia katika maduka matatu makubwa ya New York, moja la wenye uwezo, moja la watu wa kati na moja la watu wa kipato cha chini, akawauliza wauzaji mahali bidhaa fulani ilipo, akiwa amekwisha kujua kwamba iko ghorofa ya nne. Alichotaka ni jibu lenye maneno mawili ya Kiingereza ambamo sauti r hutamkwa na wengine na kuachwa na wengine; kisha alijifanya hakusikia ili arudiwe kwa uangalifu zaidi. Matokeo yalionyesha kwamba utamkaji wa r uliongezeka kadiri hadhi ya duka ilivyopanda. Mwanafunzi anayevutiwa na ujanja wa aina hiyo, wa kupanga swali dogo ili lifichue jambo kubwa, yuko mahali pake. Anayetamani kuandika kurasa nyingi kuhusu uzuri wa lugha angefaa zaidi kwenye fasihi.

Lipo pia jambo la nadharia. Idara moja inaweza kufuata sarufi zalishi, inayotafuta kanuni za akilini zinazozalisha sentensi na inayotokana na kazi za Noam Chomsky tangu mwaka 1957, nyingine ikafuata mikabala ya uamilifu, inayoieleza lugha kwa kazi inayofanya, au ya kongoo. Wafuasi wa kongoo hutafuta ushahidi kwenye mikusanyo mikubwa ya matini, wakiendeleza kazi iliyofanywa katika Chuo Kikuu cha Brown, ambako sampuli 500 za Kiingereza kilichochapishwa mwaka 1961 zilikusanywa kufikia takriban maneno milioni moja. Idara hizo mbili zinaweza kuwa na kozi zenye majina yale yale na zisikubaliane kuhusu sentensi iliyobuniwa kama inafaa kuwa ushahidi. Mwombaji asiyelijua hili huligundua katika wiki ya tatu, akiwa amekwisha kulipa ada.

Falsafa imekaa upande wa pili kabisa. Haina maabara, haina hifadhi ya nyaraka, na haina usaili. Ushahidi wake ni hoja, na chombo chake kikuu ni mfano unaoivunja hoja. Kipimo kizuri cha fani hii ni makala ya Edmund Gettier ya mwaka 1963, yenye kurasa tatu tu, iliyotoa mifano miwili kuonyesha kwamba mtu anaweza kuamini jambo la kweli, akawa na sababu nzuri za kuliamini, na bado tukasita kusema kwamba analijua. Maandishi yaliyoijibu tangu wakati huo yanajaza rafu. Hakuna fani nyingine ya insia ambamo kurasa tatu zinaweza kufanya hivyo, na mwanafunzi anayetaka kupimwa kwa wingi wa kurasa alizoandika amekosea mlango.

Kwa wiki anaweza kupewa kurasa 20 tu, lakini akatarajiwa kufika kwenye semina akiwa ameona hatua ya hoja inayolegea. Hufundishwa mantiki rasmi, maadili, epistemolojia (nadharia ya maarifa), metafizikia (maswali kuhusu asili ya vilivyopo) na falsafa ya siasa, na kwa anayependa upande wa historia ya falsafa, usomaji wa karibu wa mwandishi mmoja. Huko ufundi wa kale unarudi: kazi za Plato hunukuliwa hadi leo kwa namba za kurasa za toleo la Henri Estienne la mwaka 1578, na anayetaka kuandika kwa kina kuhusu Plato au Kant atadaiwa Kigiriki au Kijerumani. Kama ilivyo katika isimu, idara hugawanyika: mapokeo ya uchanganuzi hupenda swali dogo lililokatwa vizuri, na mapokeo ya bara la Ulaya hupenda kumfuata mwanafikra mmoja katika upana wake. Programu zinazofundisha falsafa ya Kiafrika kwa uzito, zikiwasoma kina Kwasi Wiredu na Paulin Hountondji kama wanafalsafa wanaojibiwa hoja zao na si kama kielelezo cha utamaduni, si nyingi kama zinavyopaswa kuwa.

Nikiulizwa ni fani ipi inayodharauliwa ugumu wake na waombaji, nitaitaja falsafa bila kusita. Orodha yake fupi ya kusoma huwadanganya.

Vitu, mahali na sauti

Baadhi ya programu huuacha ukurasa na kugeukia vitu vyenyewe. Historia ya sanaa hufundisha kutazama kabla ya kusoma, na mwanafunzi bado hukutana na ngazi tatu za kufafanua picha zilizopendekezwa na mwanahistoria wa sanaa Erwin Panofsky: kinachoonekana, kinachowakilishwa kwa mujibu wa desturi, na maana ya ndani inayobeba fikra za zama zake. Masomo ya makumbusho na urithi ni ya vitendo zaidi. Humo mwanafunzi husoma uhifadhi, upangaji wa maonyesho, sheria na mikataba, hasa ile ya UNESCO ya mwaka 1970 kuhusu biashara haramu ya mali za kitamaduni, ya 1972 kuhusu urithi wa dunia, na ya 2003 kuhusu urithi usioshikika. Suala la asili ya vitu limekuwa kozi yenyewe, kwa kuwa makumbusho nyingi zinadaiwa zieleze zilivyopata zilichonacho. Sanamu na mabamba ya Ufalme wa Benin, katika Nigeria ya leo, yaliyochukuliwa na majeshi ya Waingereza mwaka 1897 ndiyo mfano unaofundishwa zaidi.

Akiolojia huwekwa pamoja na insia katika vyuo vingine na pamoja na sayansi katika vingine, na tofauti hiyo si ya jengo tu. Pale ilipo sayansi, mwanafunzi atatumia muda mwingi na uchanganuzi wa mifupa, udongo na upimaji wa umri kwa kaboni, mbinu ambayo Willard Libby na wenzake waliianzisha mwishoni mwa miaka ya 1940 na ambayo uwezo wake hukoma kwenye takriban miaka 50,000. Pale ilipo insia, atasoma zaidi nadharia za utamaduni wa vitu. Muziki nao umegawanyika vivyo hivyo kati ya upigaji, utunzi, historia ya muziki, na ethnomuzikolojia, yaani uchunguzi wa muziki ndani ya jamii zake, ambayo kwa mbinu ni ndugu wa anthropolojia.

Tafsiri na uandishi wa kubuni

Shahada hizi mbili ninaziweka pamoja kwa sababu zote humalizika kwa kazi iliyotendwa ikiambatana na maelezo kuihusu. Mwanafunzi wa tafsiri anaweza kuwasilisha tafsiri ndefu pamoja na ufafanuzi wa maamuzi yake. Mwanafunzi wa uandishi wa kubuni huwasilisha hadithi, ushairi au tamthilia pamoja na insha ya kitaaluma. Tafsiri ina mkondo wa taaluma ya kazi ulio wazi zaidi: Tume ya Ulaya ina mtandao wa programu za uzamili wa tafsiri zinazotimiza viwango vyake, na kozi za istilahi, uhariri wa tafsiri za mashine na programu za kumbukumbu ya tafsiri ni za kawaida. Ukalimani ni njia tofauti, yenye mazoezi ya kila siku na mtihani wa kuingia unaowaachia wachache.

Uandishi wa kubuni umeota mizizi zaidi Marekani, ambako warsha ya Iowa ilianzishwa mwaka 1936 na ambako MFA (Master of Fine Arts) huhesabiwa kuwa shahada ya juu kabisa katika sanaa za ubunifu, kiasi kwamba mwenye nayo anaweza kufundisha chuo kikuu bila uzamivu. Nchini Uingereza wengi huendelea hadi uzamivu katika fani hiyo. Anayechagua kati ya uzamili wa fasihi na wa uandishi aangalie anachotaka kiwe mezani mwaka ukiisha: uhakiki au mswada.

Lugha, kompyuta na shahada mseto

Sharti la lugha ya pili au ya tatu hutofautiana sana, na ndilo linalobainisha programu za utafiti wa dhati. Historia ya Zama za Kati bila Kilatini, au taaluma za Uislamu bila Kiarabu, ni kusoma kwa macho ya mtu mwingine. Programu nzuri ama hudai lugha kabla ya kuingia, ama huifundisha na kuihesabu katika krediti. Zile zinazonyamaza kuhusu jambo hilo zinapaswa kuulizwa.

Insia za kidijitali hutangazwa kama jambo jipya, ingawa Roberto Busa, padri Mjesuti, alianza mwaka 1949 kushirikiana na kampuni ya kompyuta ya IBM kuunda faharasa ya maneno yote katika maandishi ya Thomas Aquinas, mwanateolojia wa Zama za Kati, kazi iliyochukua miongo mitatu. Leo mwanafunzi husoma uwekaji wa alama katika matini, ramani za kijiografia, uchambuzi wa matini nyingi kwa pamoja, na uandishi kidogo wa programu za kompyuta. Ushauri wangu ni kuchukua hizo kama kozi mbili au tatu ndani ya fani yenye mizizi, isipokuwa kwa anayelenga kazi ya maktaba au hifadhi za nyaraka, ambaye shahada nzima inamfaa.

Shahada mseto, kama vile masomo ya Afrika, masomo ya jinsia au masomo ya Zama za Kati, hukusanya historia, fasihi, dini na siasa chini ya paa moja. Humfaa mwenye swali lisilokubali mipaka ya idara. Hatari yake ni kuhitimu ukiwa na mada bila mbinu, na hatari hiyo huonekana pale mhitimu anapoomba uzamivu katika idara ya historia na kuulizwa amefanya kazi katika hifadhi gani.

Kabla ya kutuma maombi

Mambo machache hayamo kwenye matangazo na hupatikana kwa kuandika barua pepe. Kozi zilizoorodheshwa si zote zinazotolewa kila mwaka, hivyo iulizwe ni zipi zilizofundishwa katika miaka miwili iliyopita. Mwalimu ambaye jina lake limemvuta mwombaji anaweza kuwa likizo ya utafiti mwaka mzima, au akawa na wanafunzi wengi kiasi cha kutopokea wengine. Kwa anayenuia uzamivu, aulize kama tasnifu ya programu ile huhesabiwa kuwa ya utafiti na idara anazozilenga, kwa sababu baadhi ya shahada za masomo huruhusu kuibadilisha tasnifu kwa mradi au kozi za ziada, na njia hiyo rahisi huja kudaiwa baadaye.

Vyuo vingi sasa huweka tasnifu za wahitimu wao kwenye hazina za mtandaoni. Achukue mbili au tatu za programu anayoitazama, aache dibaji na hitimisho, asome sura ya mbinu na orodha ya vyanzo. Humo ataona ni hifadhi zipi wanafunzi wale walifika, ni lugha ngapi walizosoma, ni watu wangapi waliowahoji, na kama waliachwa watumie vyanzo vya maktaba tu. Sura hiyo ikimfanya atamani kufanya kazi ile ile kwa mada yake, atume maombi. Akijikuta anairuka ili afike kwenye matokeo, afungue tasnifu za idara ya jirani.